Mahali pa Kusikilizia

Mwaka 1856 wamisionari Erhardt na Rebmann walitoa ramani yenye ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika Mashariki. Wengi huicheka. Mimi siicheki. Walikuwa wamekaa pwani, wakisikiliza wasafiri waliotoka bara. Ukisikilizia upande mmoja tu, maziwa matatu huungana yakawa moja.

Mwaka uliofuata Burton na Speke walifika Kazeh, ndiyo Tabora yetu. Hapo njia ya Ujiji, ya Karagwe na ya pwani zinakutana. Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu, akawaambia kabla hawajaona hata ziwa moja: maziwa ni mbalimbali. Hakuwa na chombo chochote. Alikaa tu mahali panapofaa kusikilizia.

Sasa ruka hadi 1994. Andrew Nyblade na wenzake kutoka Marekani wanatandaza Tanzania vituo 20 vya kupima mitetemo, kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Vimepangwa kwa mistari miwili: mmoja unakata nchi mashariki hadi magharibi, karibu sambamba na njia ya misafara; mwingine unashuka kaskazini-mashariki kwenda kusini-magharibi. Urambo ya Mirambo ina kituo, na Puge pia.

Kwa nini mistari miwili? Sababu ni ileile ya ramani ya wamisionari. Tetemeko linatokea mbali huko, mawimbi yake yanapita chini yetu. Yakiwahi kufika, yamepita kwenye mwamba baridi. Yakichelewa, yamepita kwenye joto. Lakini kituo kimoja hakiwezi kukwambia joto hilo liko wapi njiani. Unahitaji mawimbi yanayopishana kutoka pande nyingi. Na ukitaka kuona kina kirefu, lazima vituo vienee mbali.

Kumbe chini ya Unyamwezi kuna mwamba mkongwe, na mzizi wake unafika kilomita 200 hivi. Jeroen Ritsema na wenzake walionyesha hayo mwaka 1998. Bonde la Ufa limeshindwa kuupasua, likagawanyika mikono miwili: mmoja mashariki, mwingine magharibi lilipo Ziwa Tanganyika.

Vitabu vinampa sifa Speke kwa Nyanza, kwa sababu alitembea. Sawa, alitembea. Ila aliyejua pa kumwelekeza alikuwa amekaa Tabora, akisikiliza. Historia yetu ya elimu ianzie hapo, bwana, isianzie kwenye viatu vya mgeni.