Maabara ya Seifert

Maabara ya Seifert ni kikundi cha watafiti katika Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani, kinachochunguza jinsi wanyama wanavyootesha upya tishu walizopoteza. Kiongozi wake ni mwanabiolojia Ashley W. Seifert.

Msingi wa kazi yao uliwekwa Kenya. Mwaka 2012, Seifert, akiwa bado Chuo Kikuu cha Florida, alichapisha katika jarida la Nature utafiti kuhusu panya-miiba wa Afrika, jenasi Acomys, waliokamatwa kwenye miamba ya Kenya. Mmoja wa waandishi wenzake alikuwa Stephen Kiama wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ambaye baadaye alikuwa makamu mkuu wa chuo hicho. Ngozi ya panya hawa huchanika kirahisi, na mnyama anaweza kupoteza hadi asilimia 60 ya ngozi ya mgongo, kisha ikaota tena pamoja na nywele. Tundu la milimita 4 lililotobolewa sikioni huziba, na gegedu hurudi. Panya wa kawaida wa maabara hubaki na tundu lake.

Mwaka 2017 kikundi kilionyesha kwamba bila makrofaji, seli za kinga zinazomeza uchafu, uoteshaji huo haufanyiki.

Majina yanayotajwa zaidi ni ya maprofesa, lakini kazi ya kila siku hubebwa na wanafunzi wa uzamivu, mafundi wa maabara na watunza wanyama. Nao wanastahili kutambuliwa, sawa na waliokamata panya hao Kenya.