Mlingoti wa Bukoba

Juma lililopita nilikuwa machimboni, ndani ndani huko Geita, nikifuatilia habari za wachimbaji wadogo. Nimemaliza kuandika, simu haishiki mtandao hata kidogo. Kijana mmoja mchimbaji akanicheka: "Kaka, panda juu ya kichuguu." Nikapanda. Dakika mbili baadaye habari ilikuwa imefika ofisini Shinyanga.

Njiani kurudi nikawa nawaza juu ya kimo. Kumbe zaidi ya miaka mia moja iliyopita, watu walikufa kwa ajili ya kimo hapa hapa kwenye ziwa letu.

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walikuwa na vituo vya simu ya upepo Mwanza na Bukoba. Simu ile ilitumia masafa ya chini, na mawimbi ya masafa ya chini ni marefu mno. Wimbi la kilohezi 300 lina urefu wa mita 1,000. Antena ya wima, ili ifanye kazi vizuri, inatakiwa kukaribia robo ya wimbi, yaani mita 250. Ikiwa fupi, umeme mwingi unaishia kuwa joto kwenye waya na ardhini. Lakini ukiongeza kimo cha antena fupi mara mbili, ukinzani wake wa mnururisho, yaani sehemu inayogeuza umeme kuwa mawimbi, unapanda mara nne. Ndiyo maana Desemba 1901, kule Newfoundland, Marconi alirusha tiara ili waya wake upande mita 150 hivi, anase ishara kutoka ng'ambo ya Atlantiki. Hata leo wapenzi wa redio za ridhaa, waliotengewa kilohezi 135.7 hadi 137.8 mwaka 2007, wanagombania kila mita ya mlingoti. Wimbi lao lina mita 2,200!

Tatizo ni kwamba kitu kirefu hakifichiki. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza, HMS Astraea, iliipiga Dar es Salaam kwa mizinga, shabaha ikiwa mlingoti wa simu ya upepo. Wajerumani wakauangusha wenyewe usije ukatekwa. Juni 1915 ikawa zamu ya Bukoba. Waingereza walipanda meli Kisumu, wakashuka alfajiri ya tarehe 22, wakapigana siku mbili. Mlingoti ukaangushwa. Kisha mji ukaporwa, na askari wakarudi melini. Mwanza nayo ilitekwa Julai 1916.

Katika kurasa nilizosoma kuhusu siku zile mbili, jina linalorudiwa ni la Frederick Selous, mwindaji maarufu wa Kiingereza aliyekuwa na miaka 63 na bado anabeba bunduki. Mwenye nyumba iliyoporwa sikukuta jina lake. Mpagazi sikukuta jina lake. Mlingoti ulisimama kwenye ardhi yao, lakini haukuwa wa kupeleka maneno yao. Ulipeleka maneno ya serikali ya kikoloni, na ulipoanguka, uliwaangukia wao.

Nilikuwa tayari kuwalaumu wale waandishi wa zamani. Halafu gazeti likatoka na habari yangu ya machimbo. Nikaisoma: bei ya dhahabu ipo, jina la kiongozi aliyetembelea eneo lipo. Jina la mchimbaji hata mmoja halipo. Hakuna mhariri aliyeyakata. Mimi mwenyewe sikuyaandika, hata la yule aliyenionyesha kichuguu.

Ndugu zangu, kupanda juu ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kujua unapeleka maneno ya nani. Wiki ijayo narudi Geita. Safari hii naanza na majina.

Tafakari. Tuko pamoja.