Kupoza bia ya nyumbani bila kuingiza hewa

Wanaopika bia nyumbani kama burudani ni wengi Marekani, hasa tangu Rais Jimmy Carter aliposaini, mwaka 1978, sheria iliyoondoa kodi kwa bia ya matumizi ya familia. Wengi wao wana hatua moja ya mwisho: bia ikishachachuka, ndoo nzima huingizwa kwenye friji kwa siku moja hadi tatu, nyuzi joto 1 hadi 4 za Selsiasi, ili hamira na machicha yazame na bia ing'ae.

Mbege na busaa hazina haja ya hatua hiyo. Hunywewa ndani ya siku chache, zikiwa nzito hivyo hivyo. Lakini bia ya kimea cha shayiri na hopsi huwekwa kwenye chupa kwa wiki au miezi, na humo ndimo oksijeni hupata muda wa kufanya kazi yake.

Wakati wa kuchachuka, ndoo huwa na kizibo cha maji, yaani kimrija kinachoruhusu hewa ukaa kutoka na kuzuia hewa ya nje isiingie. Kwenye friji mambo hugeuka. Gesi iliyo juu ya bia hunywea: kama ni lita 4, kushuka kutoka nyuzi 20 hadi 2 huipunguza kwa takriban robo lita. Isitoshe, bia baridi ina uwezo wa kubeba hewa ukaa karibu mara mbili ya bia ya nyuzi 20, hivyo huanza kuinywa ile iliyo juu yake. Ndoo inafyonza. Maji ya kizibo huingia kwanza, halafu hewa ya friji.

Robo lita inaonekana ndogo, sivyo? Tupige hesabu. Ina takriban miligramu 70 za oksijeni. Ikiyeyuka yote kwenye lita 20 za bia, ni miligramu 3.5 kwa kila lita, wakati viwanda hujitahidi kubaki chini ya 0.1. Matokeo yake harufu ya hopsi hufifia, rangi hukolea, na baadaye huja ladha ya boksi lililolowa. Kazi ya wiki tatu huharibika usiku mmoja, na mpishi hulaumu hamira.

Wengine hubadilisha maji ya kizibo kwa pombe kali. Hiyo huua vijidudu tu. Oksijeni hupita kama kawaida.

Njia rahisi ni puto. Linafungwa kwenye mrija wa ndoo mapovu yanapokaribia kuisha, lijae hewa ukaa ya bia yenyewe, kisha ndoo ikifyonza ivute kutoka humo. Liwe la lita 3 au zaidi. Lisifungwe mwanzoni, kwa kuwa lita 20 za bia ya kawaida hutoa zaidi ya lita 300 za gesi na puto litapasuka. Puto la mpira huvuja polepole; lile la karatasi ya kung'aa linaloonekana kwenye sherehe hushika vizuri zaidi.

Kwa maoni yetu, mwenye uwezo achukue kegi ya chuma na mtungi wa hewa ukaa wenye kidhibiti cha presha, kwa sababu kegi hupozwa ikiwa imefungwa na gesi ikiongezwa kidogo kidogo. Lakini presha hiyo isipelekwe kamwe kwenye chupa kubwa ya kioo au ndoo ya plastiki. Kioo hupasuka na kujeruhi. Kuziba kabisa nako si dawa: ndoo hukunjamana, kioo huweza kuvunjika kwa kuvutwa ndani. Mtungi unaovuja kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha unaweza kumuua mtu bila yeye kunusa chochote.

Kabla ya kupoza, pima kwa haidromita. Kipimo kisipobadilika kwa siku mbili au tatu, hamira imemaliza. Baada ya hapo kifuniko kisifunguliwe kwa ajili ya kuchungulia.

Hamira inayobaki baada ya baridi inatosha kuleta povu kwenye chupa. Ila sukari ya chupa ihesabiwe kwa joto la juu kabisa ambalo bia ilifikia ilipomaliza kuchachuka. Ukitumia joto la friji, hesabu itakupa sukari pungufu na bia itakuwa bapa.