Kwarteti ya tuba

Kwarteti ya tuba ni kundi la wapigaji wanne wa ala za shaba zenye sauti nzito. Jina lisimdanganye msomaji: mara nyingi ala mbili kati ya hizo nne ni eufoniamu na mbili tu ndizo tuba. Bomba la eufoniamu lina urefu wa mita 2.7 hivi, la tuba ya F mita 3.7 na la tuba kubwa ya B♭ mita 5.5. Kwa hiyo eufoniamu hushika sauti ya kwanza na ya pili, tuba ya tatu na ya nne. Kuna pia makundi ya tuba nne tupu, ila kuyapatia muziki ni kazi ngumu zaidi.

Historia

Tuba ilipewa hataza nchini Prussia tarehe 12 Septemba 1835 kwa majina ya Wilhelm Wieprecht, kiongozi wa bendi za jeshi, na mtengenezaji wa ala Johann Gottfried Moritz. Kwa zaidi ya miaka mia moja kazi yake ilikuwa kushikilia besi nyuma ya bendi au okestra. Kwarteti ya jukwaani ilienea katika nusu ya pili ya karne ya 20, hasa Marekani. Mwaka 1967 R. Winston Morris alianzisha kundi la tuba katika chuo cha Tennessee Tech. Mwaka 1973 kilianzishwa chama cha wapigaji kilichoitwa T.U.B.A., ambacho sasa ni International Tuba Euphonium Association.

Tarehe 22 Desemba 1974 Harvey Phillips alikusanya mamia ya wapigaji katika Rockefeller Center, New York, wapige nyimbo za Krismasi kumkumbuka mwalimu wake William Bell, aliyezaliwa siku ya Krismasi mwaka 1902. Tamasha hilo, TubaChristmas, lilienea katika miji mingi. Mipangilio yake ya kwanza ilifanywa na Alec Wilder kwa sauti nne, hivyo hata watu wanne peke yao wanaweza kuipiga.

Kupata nyimbo zinazopendwa

Watunzi kama John Stevens wameandika kazi asilia kwa kundi hili, lakini wasikilizaji wa harusini au sokoni hutaka wimbo wanaoujua, na hapo ndipo shida huanza. Mchapishaji anayetoa wimbo mpya huuandikia piano, gita na kwaya kwanza, kisha bendi ya shule. Tuba nne ni soko dogo. Wachapishaji wachache, kama Cimarron Music Press la Marekani na Editions Marc Reift la Uswisi, wana orodha ya kwarteti za aina hii. Kitabu The Tuba Source Book cha Indiana University Press (1996), kilichohaririwa na Morris na Edward Goldstein, huorodhesha muziki wa tuba kwa ukubwa wa kundi. Toleo jipya lilitoka mwaka 2006.

Njia iliyo karibu zaidi ni kuazima. Kwarteti ya tromboni huandikwa kwa sauti nne katika ufunguo wa besi, kwa hiyo karatasi zake husomeka moja kwa moja. Yafaa tu tuba ya chini ishuke oktava pale penye nafasi. Pale tromboni inapoteleza kutoka noti hadi noti, tuba yenye vali haiwezi kuiga. Muziki wa chelo nne au wa fagoti nne hufaa pia. Nyimbo za kwaya ya wanaume za mtindo wa barbershop ni hazina iliyosahaulika, mradi ikumbukwe kwamba wimbo wenyewe uko sauti ya pili, si ya kwanza.

Kabla ya kununua ni lazima kuuliza ufunguo. Katika bendi za shaba za Uingereza eufoniamu na tuba husoma ufunguo wa G kwa noti zilizohamishwa. Kwingi Ulaya na Marekani tuba husoma ufunguo wa besi kwa noti halisi. Posaunenchor za makanisa ya Ujerumani, ambazo ndizo chimbuko la makundi ya tarumbeta ya Kilutheri nchini Tanzania, husoma noti halisi hata kwa ala za B♭.

Kupanga upya

Kundi lisilopata kitu hupanga lenyewe. Kosa la kawaida ni kushusha kila sauti kwa kiasi kile kile. Do na mi zikipigwa pamoja chini sana hutoa mngurumo usioeleweka. Chini ziachwe do na so au oktava, na mi ipandishwe kwenye eufoniamu. Nyimbo za gita mara nyingi ziko katika E au A, na kuzihamishia F, B♭ au E♭ huwapunguzia wapigaji taabu ya vidole.

Tatizo kubwa zaidi ni pumzi. Besi ya wimbo wa dansi hutembea bila kusimama, na gita la besi halipumui. Mpigaji wa tuba hupumua, jambo ambalo anayepanga kwa kompyuta husahau kwa urahisi. Dawa yake ni kugawa mstari huo kati ya tuba mbili, mmoja akipokea mwenzake anapovuta pumzi.

Hakimiliki

Kupanga wimbo wenye hakimiliki na kuutoa hadharani huhitaji ruhusa ya mwenye haki, hata kama karatasi hazitauzwa. Muda wa ulinzi hutofautiana. Marekani hulinda nyimbo za zamani miaka 95 tangu kuchapishwa. Umoja wa Ulaya na Uingereza hulinda miaka 70 baada ya kifo cha mtunzi, na Kenya miaka 50. Ndiyo maana "St. Louis Blues" ya W. C. Handy, iliyochapishwa mwaka 1914, ni huru Marekani, lakini kwa kuwa Handy alifariki mwaka 1958, baadhi ya nchi za Ulaya huenda zikailinda hadi mwisho wa 2028. Nyimbo za Scott Joplin, aliyefariki mwaka 1917, hazina kizuizi hicho, na "The Entertainer" hupigwa na kwarteti nyingi za tuba.