Kisu Kilipofikia Kikomo: Tiba ya Uvimbe wa Pua na Koo katika Historia ya Bujumbura na Jirani Zake

Tarehe 31 Desemba 1873, mjini Vienna, daktari mpasuaji Theodor Billroth aliondoa zoloto lote la mgonjwa wa saratani. Mgonjwa alinusurika upasuaji, lakini baada ya miezi michache uvimbe ulirudi na kumuua. Mwaka 1888 saratani ya koo ilimuua Friedrich III, Kaizari wa Ujerumani, aliyetawala siku 99 tu. Madaktari wake walikuwa wamebishana kwa muda mrefu kama akatwe au asikatwe, na hatimaye walichoweza kumfanyia ni kumtoboa shingo apate kupumua. Ilikuwa ni katika utawala wa mwanawe, Wilhelm II, ambapo bendera ya Ujerumani ilipandishwa Usumbura, mji unaoitwa leo Bujumbura. Uhusiano huo ni wa kibahati tu. Hata hivyo unaonyesha kwamba tiba hii ilikuwa bado changa na ya kubahatisha hata kwa wafalme wa Ulaya wakati ukoloni ulipofika Ziwa Tanganyika.

Jambo hili ni muhimu kwa sababu historia za tiba Afrika Mashariki mara nyingi husimuliwa kana kwamba maarifa kamili yaliletwa kutoka nje, na kilichobaki kikawa ni kuyasambaza. Katika uvimbe wa kichwa na shingo mambo hayakuwa hivyo. Baadhi ya mafunzo makubwa ya karne ya 20 kuhusu maradhi haya yalipatikana Kampala na Nairobi, na funzo lenyewe lilikuwa chungu kwa wapasuaji: kisu hakikutosha.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Hugh Trowell alimwonyesha mwenzake Denis Burkitt mtoto aliyevimba taya pande zote. Burkitt alikuwa mpasuaji, na jambo la kwanza ambalo mpasuaji angelifikiria ni kukata. Lakini kukata kulileta ulemavu pasipo kuleta uponyaji, kwa kuwa uvimbe huo haukuwa wa taya peke yake. Ulikuwemo pia katika figo, ini na viungo vingine. Mwaka 1961 Burkitt na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walisafiri kwa gari takriban kilomita 16,000 kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama uvimbe huo unaonekana. Jibu lilifuata joto, mvua na mwinuko wa ardhi. Karibu na ikweta, uvimbe ulikuwa nadra mahali palipozidi mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kwa kipimo hicho Burundi inagawanyika: uwanda wa Imbo, ulipo mji wa Bujumbura, uko chini sana ya mstari huo, ilhali milima ya Mugamba inayouangalia mji iko juu yake. Mnamo miaka ya 1960 ilidhihirika kwamba dawa, hasa siklofosfamidi, zinaweza kuyeyusha uvimbe huo kwa siku chache, na baadhi ya watoto walipona kabisa bila kukatwa.

Nairobi nako, Peter Clifford, bingwa wa masikio, pua na koo, alikutana na ugonjwa mwingine: saratani ya sehemu ya juu ya koromeo, nyuma ya pua. Hii ni saratani yenye hila. Huanza kwa sikio kuziba, damu kutoka puani au tezi kuvimba shingoni, na mgonjwa huenda akatibiwa kifua kikuu au mafua kwa miezi kadhaa. Inapotambuliwa, mara nyingi imekwisha kugusa mifupa ya msingi wa fuvu, mahali ambapo kisu hakiwezi kuondoa uvimbe wote bila kumdhuru mgonjwa. Clifford aliwaona wagonjwa wengi kutoka nyanda za juu zenye baridi, akachunguza moshi wa nyumba zinazopikiwa kwa kuni. Mwaka 1966 damu ya wagonjwa wa saratani hii ilionekana kuwa na kingamwili za virusi vya Epstein-Barr, virusi vilevile vilivyogunduliwa mwaka 1964 katika uvimbe wa Burkitt. Suala la moshi halikufutwa na ugunduzi huo, na nyumba za milimani Burundi bado zinapikiwa kwa kuni. Tiba iliyokubalika ni mionzi.

Hapo ndipo historia ya Bujumbura inapoachana na ya jirani zake. Upasuaji unaweza kufanyika popote penye mpasuaji hodari, nusukaputi na damu ya akiba. Mionzi huhitaji mashine, mwanafizikia, umeme usiokatika na mkataba wa matengenezo. Katika miongo yote ya kwanza ya uhuru, na hadi miaka ya 2010, Burundi haikuwa na mashine hata moja. Vita vilivyoanza mwaka 1993 viliongeza uhaba wa wataalamu. Matokeo yake ni kwamba kisu kiliendelea kubeba mzigo ambao kwingineko kilikuwa kimekwisha kuutua, pasipo kuwa kimethibitika kuwa bora.

Mzigo huo hauishii chumba cha upasuaji. Aliyeondolewa zoloto hupumua kwa tundu la shingoni maisha yake yote na hupoteza sauti aliyozaliwa nayo. Aliyeondolewa taya la juu huhitaji kibati cha kuziba kaakaa. Akikosa fundi wa kukitengeneza, chakula hupita puani na maneno hayasikiki. Watunga sera wanaohesabu idadi ya operesheni pekee huliacha nje jambo hili, ambalo kwa mgonjwa ndilo kubwa kuliko yote.

Basi wagonjwa walisafiri. Njia ya kusini ni ya zamani: ziwa hadi Kigoma, kisha reli iliyofika huko mwaka 1914, hadi Dar es Salaam, ambako hospitali ya Ocean Road ilifanywa taasisi ya saratani miaka ya 1990. Kwa mtu wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, njia hiyo ina faida isiyoandikwa katika rufaa: anaweza kueleza maumivu yake kwa lugha yake, hali nyumbani daktari amesomea tiba kwa Kifaransa. Njia ya Kampala ilionyesha udhaifu wake mwaka 2016, mashine pekee ya mionzi ya Uganda ilipoharibika; mpya ilizinduliwa Januari 2018. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi ilijiunga nayo mwaka 2007, iliipa Uganda jukumu la kituo cha umahiri wa saratani, na Burundi ikapewa lishe. Mgawanyo huo unachukulia kwamba mgonjwa ataweza kuvuka.

Njia iliyo fupi zaidi kwa barabara ni ya Kigali, ambako Hospitali ya Kijeshi ya Rwanda ilianza kutoa mionzi mwaka 2019. Tiba ya saratani ya nyuma ya pua huchukua takriban majuma saba, siku tano kila juma, na kukatizwa kwake hupunguza uwezekano wa kupona. Mwezi Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda.