Insha ya ufadhili: Kijana wa Kwale, usijifiche nyuma ya ‘sisi’

WAHENGA walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo, ingawa ina hekima, imewaponza waombaji wengi wa ufadhili wa masomo ng’ambo. Mbele ya jopo la wateuzi, chema kisichoelezwa hakionekani.

Chukua mfano wa Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza ulioanzishwa mwaka 1983. Humgharimia msomi karo, nauli na posho kwa shahada ya uzamili ya mwaka mmoja. Mwombaji sharti awe na shahada ya kwanza na tajriba ya kazi ya saa 2,800, yaani takriban miaka miwili. Kazi ya kujitolea pia huhesabiwa. Maombi kwa kawaida hufunguliwa Agosti.

Kinachowatenga waombaji ni insha. Hizi zimekuwa zikihusu mambo manne: uongozi na ushawishi, kujenga uhusiano na watu, sababu za kuchagua masomo ya Uingereza, na mpango wa kazi baada ya masomo.

Katika insha ya uongozi ndipo malezi ya Pwani humtatiza mwandishi. Aliyefunzwa kuwa kujisifu ni utovu wa adabu huandika, “Tulihifadhi mikoko.” Msomaji hujiuliza: wewe ulifanya nini?

Mathalani, Mikoko Pamoja, mradi wa wanavijiji wa Gazi na Makongeni, umekuwa ukiuza hewa ya kaboni tangu 2013 na mapato yake kuwafaa wenyeji. Sifa ya mradi ni ya wote. Aliyejitolea humo aeleze sehemu yake: tatizo alilolikuta, uamuzi alioufanya, waliompinga, jinsi alivyowashawishi, na mabadiliko yaliyofuata. Huko si kujigamba, ni kutoa ushahidi. Hata aliyewapanga vijana watano kusafisha ufuo wa Diani ana la kusimulia, maadamu ni la kweli.

Mpango wa kazi nao usiwe ndoto tupu ya “kuleta maendeleo.” Mfadhiliwa wa Chevening hutakiwa kurejea nchini mwake kwa angalau miaka miwili, hivyo wateuzi hutaka kujua atarudi kufanya nini. Mgodi wa titani wa Base Titanium ulikoma kuchimba madini Kwale mwishoni mwa 2024. Mwombaji anayetaka kusomea urejeshaji wa ardhi ataje swali hilo, kozi itakayompa ujuzi, na kazi anayolenga mwaka wa kwanza, kisha wa kumi.

Umaskini nao hautoshi kuwa hoja. Utaje pale tu unapoonyesha kikwazo ulichokiruka.

Hatimaye, jihadhari na insha za kunakili au kuandikiwa na programu za kompyuta. Waandaaji hukagua udanganyifu huo, na anayenaswa huondolewa. Anza kuandika wiki kadhaa mapema, kisha umpe mwalimu au mfanyakazi mwenzako asome. Mwulize jambo moja: akiliondoa jina lako, je, insha hii yaweza kuwa ya mtu mwingine? Akijibu ndiyo, kaa chini uandike upya.