Ndege zenye hazina rubani: nani anatoa ruhusa, na Lualaba inaweza kupata nini?

Ndege yenye haina rubani ndani, ile watu wengi wanaita droni, ni chombo cha kuruka chenye kinaongozwa na mutu mwenye anabakia chini, ao na kompyuta yenye ilipewa njia mbele ya kuondoka. Kuko ndogo za kubeba kamera, kuko za kubeba damu na chanjo, na kuko za vita. Tangu miaka michache, inchi mbalimbali zinajaribu pia zile za kubeba abiria: zinapanda na kushuka wima kama elikopta, lakini zinatumia batri.

Habari hiyo inagusa Lualaba kwa sababu mbili. Kobalti yenye kuingia katika batri nyingi za dunia inatoka hapa. Tena, wakaaji wengi wa teritware za Dilolo, Kapanga, Sandoa, Lubudi na Mutshatsha wanakaa mbali na hospitali kubwa, na wakati wa mvua barabara inakatika.

Anga ni ya nani?

Mutu akinunua droni dukani, anaweza kufikiri kwamba anga ya juu ya kiwanja chake ni yake. Haiko vile. Mapatano ya Chicago ya mwaka wa 1944, yenye yanaongoza safari za ndege dunia nzima, yanasema katika artikle ya 8 kwamba ndege yoyote yenye haina rubani haiwezi kuruka juu ya inchi bila ruhusa ya pekee ya inchi hiyo. Kwa hiyo anga ni ya Leta.

Katika Congo, msingi ni sheria nambari 10/014 ya tarehe 31 Desemba 2010 juu ya usafiri wa ndege wa kiraia. Mamlaka ya usafiri wa ndege, AAC, ndiyo inasimamia kazi hiyo. Régie des voies aériennes, RVA, inaangalia viwanja na kuongoza ndege zenye ziko hewani. Ni watu wawili tofauti: mumoja anaweka masharti, mwingine anajua nani anapita wapi saa gani.

Hata kampuni ya madini yenye iko na konsesyo yake haipati anga pamoja na udongo. Titre ya madini inatoa haki juu ya mawe, haitoi haki ya kurusha kitu. Na migodi iko na sababu ya kweli ya kutumia droni: inapima kilima cha mawe bila mutu kupanda juu yake, na inapiga picha za ukuta wa shimo ili nyufa zionekane mapema. Katika muji wenye unajua hasara ya udongo kuanguka, kama ile ya Juni 2019 katika konsesyo ya KCC yenye iliua wachimbaji wa mikono zaidi ya 30, kazi hiyo si muchezo. Lakini uwanja wa ndege wa Kolwezi uko karibu na muji na migodi. Droni yenye haijulikani mbele ya ndege yenye inatua ni hatari kwa abiria wote.

Kwa nini watu wanaogopa

Katika Congo, watu wengi walijua droni kupitia vita mbele ya kuijua kupitia dawa. Mwaka wa 2006, wakati wa uchaguzi, droni ya jeshi la Ubelgiji yenye ilikuwa katika kikosi cha Ulaya, EUFOR, ilianguka katika Kinshasa na kuua mutu. Desemba 2013, MONUSCO ilianza kurusha kutoka Goma droni za kuchunguza zenye hazina silaha; ilikuwa mara ya kwanza kwa Umoja wa Mataifa. Februari 2024, jeshi la inchi, FARDC, lilisema kwamba droni za kushambulia zilipiga uwanja wa Goma na kuharibu ndege za kiraia.

Kwa hiyo mama wa Kivu mwenye anasikia muvumo juu ya nyumba na kukimbia na watoto, hakosi sababu. Kama kesho droni ya chanjo inapita bila kutangazwa, itakutana na mawe, ao risasi. Mupango wowote wa afya wenye unasahau jambo hilo unaanza vibaya.

Fasi zenye droni zilisaidia

Rwanda ilianza mwezi wa Oktoba 2016. Kampuni ya Zipline inarusha droni kutoka Muhanga, na tangu 2018 kutoka Kayonza pia. Hazitui kwenye hospitali: zinaangusha sanduku la damu na parashuti ndogo, kisha zinarudi. Uchunguzi wenye ulitangazwa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba damu yenye ilitupwa kwa sababu muda wake ulipita ilipunguka kwa asilimia 67. Sababu ni rahisi: hospitali ndogo haihitaji tena kuweka akiba kubwa ya damu yenye itaharibika, inaomba siku yenye mugonjwa anaihitaji.

Malawi ilichagua njia ingine. Juni 2017, pamoja na UNICEF, ilifungua katika Kasungu eneo la majaribio: kilometa 40 kila upande kutoka kiwanja, na urefu usiozidi mita 400. Kila kampuni ilijua mipaka ya kurukia, na wakaaji wa vijiji vya karibu walielezwa ni kitu gani kitapita juu yao.

Tanzania, mwaka wa 2018, droni yenye kupanda wima ilibeba dawa kutoka Mwanza mupaka kisiwa cha Ukerewe, safari ya kilometa 60 juu ya ziwa, kwa dakika 40 hivi. Na Congo yenyewe haiko nyuma kabisa. Katika jimbo la Équateur, kandokando ya Mbandaka, fasi yenye mutumbwi ndio gari, wizara ya afya, shirika VillageReach na kampuni Swoop Aero ya Australia walifanya majaribio mwaka wa 2019, kisha wakaanza kupeleka chanjo na dawa.

Fasi zote hizo ziko na jambo moja lenye kufanana: serikali ilisema kwanza nani anaruka, wapi, na kwa kazi gani. Mashine ilifuata.

Hesabu ya Lualaba

Hapa ndipo ramani inasema ukweli. Droni za Zipline, zile zenye zilianza Rwanda, zinahudumia hospitali zenye haziko mbali kupita kilometa 80 hivi kutoka kituo chao. Kutoka Kolwezi, kwa mustari wenye umenyooka, makao ya Mutshatsha na ya Lubudi yanapita kilometa 80. Dilolo iko zaidi ya kilometa 300, na Kapanga, kwenye Musumba ya Mwant Yav, iko mbali kupita Dilolo. Kituo kimoja Kolwezi hakiwezi kufikia hata makao moja ya teritware.

Maana yake, kama jimbo linataka kazi hiyo kweli, linahitaji vituo vidogo ndani ya teritware, si jengo moja zuri katika makao ya jimbo. Kila kituo kinahitaji umeme wa kujaza batri na friji ya kuchunga chanjo. Stima za Nzilo na Nseke ziko hapa Lualaba, lakini kuwa karibu na baraji hakumaanishi kuwa na umeme nyumbani, na wakaaji wanalijua hilo vizuri. Kisha kinahitaji mutu: muforomo mwenye anajua kuomba, kupokea na kuandika katika kitabu. Bila yeye, sanduku litaanguka uwanjani na kulala pale.

Na taksi za angani?

Septemba 2025, katika mukutano wa ndege Kigali, Rwanda ilionyesha ndege ya umeme EH216-S ya kampuni EHang ya China, yenye viti viwili na yenye haina rubani. China iliikubali kisheria mwezi wa Oktoba 2023. Shirika la dunia la usafiri wa ndege, OACI, lilifanya mukutano wake wa kwanza juu ya usafiri wa namna hiyo Septemba 2024, katika Montréal.

Lakini EH216-S inaruka kilometa 30 hivi kwa batri moja. Kutoka Kolwezi mupaka Lubumbashi, hata kwa mustari wenye umenyooka, ni zaidi ya kilometa 240. Na biashara yenyewe bado ngumu: kampuni Volocopter ya Ujerumani, yenye ilitaka kubeba watu katika Paris wakati wa michezo ya Olimpiki ya 2024, iliomba kulindwa na tribinali kwa sababu ya kukosa pesa Desemba ya mwaka ule. Mutu wa Lualaba mwenye anangojea barabara asiache kuiomba.

Kobalti inaondoka, nini inarudi?

Batri za ndege zinapaswa kuwa nyepesi na kubeba nguvu mingi, na aina mingi zinatumia kobalti. Serikali ilisimamisha kutoa kobalti inje tarehe 22 Februari 2025, kisha ikaweka kipimo tangu Oktoba 16: tani 18 125 kwa mwisho wa mwaka ule, na 96 600 kwa 2026 na kwa 2027. Ni uamuzi juu ya bei. Kujua kutengeneza ni jambo lingine. Kituo cha utafiti juu ya batri kilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi mwaka wa 2022. Kijana wa Kolwezi mwenye anapenda mashine hizi anaweza kuanzia huko.

Maulizo ya kuuliza mbele ya kukubali

Mupango wa droni ukifika katika kijiji ao kartie, shefu na wakaaji wako na haki ya kuuliza:

– Ruhusa ya AAC iko wapi, na inasema kazi gani?
– Itapita njia gani na saa gani, na nani atatangaza?
– Kamera inapiga nini, na picha zinabakia kwa nani?
– Ikianguka juu ya nyumba ao shamba, nani analipa?
– Pesa za musaada zikiisha, nani ataendelea?

Na kama droni imeanguka, usiiguse, hata kama inaonekana ndogo. Batri inaweza kuwaka moto, na katika majimbo ya mashariki inaweza kuwa na kitu cha kulipuka. Ondoa watoto, kisha itisha shefu wa kartie ao polisi.